Nina elfu 95: kompyuta ya kuunga mwenyewe, ya Revit mchana na gemu usiku. Nisaidieni kabla sijalipa

Kimulimuli_Ngara

Wadau, habari za jioni. Niko mwaka wa pili, nasomea usanifu majengo hapa jijini Nairobi. Laptopu niliyoanza nayo imechoka. Nikifungua Revit na PDF mbili, feni inavuma hadi tunayeishi naye chumba kimoja anavaa hedifoni. Nimeweka akiba, mjomba akaniongezea, sasa nina KSh 95,000 na monita lazima itoke humohumo. Kibodi na mausi ninazo.

Kazi za chuo ni programu za kuchora, Revit, AutoCAD na SketchUp, na muhula ujao tunaanza kurenda, yaani kugeuza modeli ziwe picha zinazofanana na majengo halisi. Gemu ni FC (ile ya mpira) na binamu zangu, GTA V, na Valorant watu wakilala.

Leo nimepita duka moja Luthuli Avenue wakanipigia hesabu ya 72,000 bila monita: prosesa ya Core i7, RAM ya GB 16, kadi ya grafiki GTX 1650, SSD ya GB 256 na diski ngumu ya TB 1, kasha la kioo lenye feni nne za rangi, pawa saplai (kisanduku kinacholisha mashine umeme) ya 500W. Jamaa ananiambia i7 ni i7, nisibabaike. Nichukue?

Pixel_Kinyozi

i7 ya mwaka gani? Omba namba yote, usikubali "i7" tupu.

Kimulimuli_Ngara

Nimemuuliza kwa simu. Anasema i7-4770.

Waya_Moto

Basi usichukue. Muuzaji hajakudanganya, ni i7 kweli, ila ni ya 2013. Ina kori nne (viini vya kufanyia kazi), na mazabodi yake inatumia RAM za DDR3, kwa hivyo siku ukitaka kupanda daraja hakuna utakachohamisha. Prosesa, bodi na RAM vyote vinabaki nyuma. i3-12100F ya 2022 ina kori nne vilevile na inaipita kwa mbali, na hiyo ni i3. Hiyo namba ya kwanza baada ya "i" inakwambia tu prosesa ilikaa wapi kati ya ndugu zake wa mwaka huo. Kizazi ndicho cha kuuliza.

Halafu kuna suala la Windows. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Ya kwako ni kizazi cha 4. Fundi yeyote wa mjini atailazimisha iingie, hilo si tatizo, lakini Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka). Utaweka kila kitu vizuri, kisha gemu yenyewe ikukatalie mlangoni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi lakini ni hiyo 500W. Rudi dukani, waombe kwa upole wafungue ubavu wa kasha, usome stika ya pawa saplai. Usisome maandishi makubwa. Tafuta mstari wa +12V uone ni ampia ngapi. Nimekutana na nyingi zimeandikwa 500W kubwa kubwa, chini zinasema +12V 18A. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi ya grafiki zote zinakula kwenye 12V, kwa hivyo ulicho nacho mkononi ni pawa saplai ya wati 216 iliyovaa koti la 500. Tena uzito wake unakueleza mengi. Ukiiinua na iwe nyepesi kama pakiti ya maziwa, hakuna shaba ya maana ndani. Na ikilipuka haiondoki peke yake, inaweza kwenda na bodi, na mara nyingine diski yenye kazi zako zote.

Kimulimuli_Ngara

Sikuwahi kusoma hiyo stika maishani. Asante sana mkubwa. Sasa nianze upya vipi?

Pixel_Kinyozi

Mimi ningekwenda njia ya ex-UK, mitumba ya ofisini kutoka Uingereza. Unachukua OptiPlex ya Dell au EliteDesk ya HP yenye i5 kizazi cha 8, unachomeka GTX 1650, unabaki na chenji ya monita nzuri na nyama choma. Kijana wa chuo hahitaji zaidi ya hapo.

Waya_Moto

Pixel, kwa mtu mwenye elfu 45 ningekuunga mkono mikono miwili. i5-8500 ina kori sita na Windows 11 inaikubali. Lakini mwambie na shida zake. Mashine hizo za ofisini zina pawa saplai za umbo lao wenyewe, na nyingi plagi zake kwenye bodi si zile za kawaida, kwa hivyo huwezi kubadilisha na ya dukani. Waya wa ziada wa kulisha kadi mara nyingi haupo. Unabaki na kadi zinazokula wati 75 moja kwa moja kutoka kwenye sloti: GTX 1050 Ti, au 1650, na hata 1650 kuna matoleo yenye soketi ya pini sita ambayo hayatafanya kazi humo. Ukichukua ile nyembamba ya kulala, kadi lazima iwe fupi, na kadi fupi zina bei yake. GB 4 za memori ya kadi kwa mtu anayeanza kurenda majengo muhula ujao? Atakuwa hapa tena Disemba akiuliza swali lilelile.

Mzazi_wa_Buru

Hamjambo vijana. Mimi ni mzazi tu, mwanangu pia ananisumbua na habari kama hizi. Naomba kuuliza, kwa nini asinunue laptopu nzuri ya elfu 95 akaenda nayo darasani? Stima ikipotea laptopu inaendelea. Hilo sanduku mtalifanyia nini gizani?

Waya_Moto

Mama, umeuliza la maana, na kwa wanafunzi wengi jibu ni laptopu. Kama mwanao anahama hosteli kila muhula, au kazi yote inafanywa studio na makundi, mnunulie laptopu wala usisikilize mtu humu.

Tofauti inakuja kwenye kutengeneza. Laptopu ikiharibika kadi ya grafiki, hiyo kadi imechomelewa kwenye bodi, na bodi ni karibu bei ya mashine nzima. Kwenye sanduku, kilichokufa unakitoa kwa bisibisi, unaweka kingine, maisha yanaendelea. Pia kadi ya laptopu yenye jina sawa na ya mezani hupewa umeme mchache, kwa hivyo jina ni moja na kasi si moja. Kimulimuli, ile laptopu ya zamani usiiuze. Itakubebea michoro ya kuonyesha darasani.

Kuhusu stima, hapo lazima pesa itengwe. UPS (betri ya akiba) ya 650VA mara nyingi inatoa kama wati 360 tu, VA si wati. Itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu, si za kumaliza mechi. Asiyeweza UPS sasa hivi anunue angalau kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukipanda au kushuka kisha kinasubiri kidogo kabla ya kurudisha. Stima inaporudi ghafla ndipo mashine nyingi zinakufa, si inapokwenda.

Mzazi_wa_Buru

Asante mwanangu, nimeelewa. Na bili ya tokeni je? Naona haya masanduku yana taa kama matatu za Rongai.

Waya_Moto

Haha, taa hazili kitu, mama. Tuseme mashine nzima inavuta wati 250 gemu ikiwa imepamba moto. Saa tatu kila siku kwa mwezi ni kama uniti 22 na nusu. Akiandika insha au kuchora michoro ya kawaida ni chini ya hapo kwa mbali. Hita ya maji ya kuoga ndiyo inayomaliza tokeni zenu.

Bolt_na_Nati

Nimechelewa ila niruhusuni. Mimi ni dada wa uhandisi mitambo, mwaka wa nne, na mashine yangu niliiunga mwenyewe. Kimulimuli, mnazungumza kadi kabla ya kuuliza programu. Revit unapochora na kuhariri modeli, kazi nyingi inabebwa na kori moja au mbili, kwa hivyo kasi ya kori moja ni muhimu kuliko wingi wa kori. Ukifika kwenye kurenda mambo yanageuka, huko inategemea programu. Nyingine zinatumia kori zote za prosesa, nyingine zinalalia kadi. Na zipo zinazotaka CUDA, teknolojia ya kufanyia hesabu kwenye kadi, ambayo ni ya NVIDIA peke yake. Wanaotumia programu ya Blender wanajua, Cycles (injini yake ya kurenda) kwenye kadi za RTX za NVIDIA inakimbia kwa sababu ya OptiX, teknolojia nyingine ya NVIDIA. Waulize wa mwaka wa tatu wanatumia nini, halafu rudi.

Na kama bado unatumia Revit ya kuibiwa, acha. Autodesk inawapa wanafunzi leseni ya bure ya mwaka mmoja unayoihuisha kila mwaka ukiwa bado chuoni. Archicad nayo ina leseni ya wanafunzi. Hizo zilizovunjwa ndizo zinazoleta virusi, na mara nyingi ndicho chanzo cha kile tunachokiita "mashine imekuwa nzito".

Kimulimuli_Ngara

Nimeuliza, dada. Wengi wanatumia Enscape, wachache Twinmotion. Hakuna aliyetaja Blender.

Bolt_na_Nati

Basi hujafungwa kwa NVIDIA. Zote mbili zinakwenda na AMD. Angalia tu GB za kadi, usishuke chini ya 8. Modeli ikijaza kumbukumbu ya kadi, utaona skrini inaganda au programu inafunga yenyewe saa nane za usiku, kazi inatakiwa asubuhi.

Waya_Moto

Hapo sawa. Pendekezo langu, na kila mtu ana lake:

Prosesa Ryzen 5 5600. Kori sita, nyuzi kumi na mbili, wati 65, na ya boksi inakuja na feni yake. Ya "tray" huja bila feni, kwa hivyo usifurahie bei kabla ya kuuliza. Bodi B450 au B550. Ikiwa ni B450 iliyokaa dukani muda mrefu, waambie wakuonyeshe toleo la BIOS (programu ya ndani ya bodi), maana za zamani hazizitambui prosesa za 5000 mpaka zisasishwe, na utafika nyumbani skrini ni nyeusi ukidhani umeuziwa prosesa mbovu.

Kadi RX 6600, GB 8. Inavuta wati 132, plagi moja ya pini nane, na AMD wenyewe wanasema pawa saplai ya 450W inaitosha. Sisi tuweke 550W yenye 80 Plus Bronze (cheti cha kutopoteza umeme) na jina linalojulikana, ili kesho ukibadilisha kadi usianze na pawa. Theluthi ya pesa yako, au zaidi kidogo, itaishia kwa hii kadi. Ni sawa.

Mtakaoniuliza kwa nini si AM5, soketi mpya ya prosesa za AMD, badala ya AM4 ya hii 5600: kwa sababu AM5 inatumia DDR5 tu, na RAM sasa hivi ndiyo inayouma. Tangu mwishoni mwa 2025 bei imepanda vibaya, viwanda vimeelekeza nguvu kwa memori za seva za AI. AM4 inakuruhusu kutumia DDR4, na DDR4 za kutoka ex-UK zimejaa mjini.

Pixel_Kinyozi

Subiri. Kwa nini asianze na 5600G, ambayo ina grafiki yake ndani, halafu kadi anunue HELB, mkopo wa wanafunzi, ikiingia? Valorant inacheza vizuri sana kwa 5600G. FC ukishusha vipimo pia inacheza.

Waya_Moto

Ni wazo zuri kwa mtu asiyerenda. Lakini grafiki ya ndani haina memori yake, inakopa kwenye RAM. Ukiwa na GB 16, mbili au zaidi zinakwenda huko, na RAM ndiyo tumesema ni ghali. Tena 5600G ina kashe ya L3 (memori ndogo ya kasi ndani ya prosesa) ya MB 16, nusu ya ile ya 5600, na njia yake ya kuunganisha kadi inaishia PCIe 3.0, wakati 5600 ina 4.0. Siku utakapoongeza kadi, utakuwa umelipia grafiki ya ndani ambayo hutumii na prosesa iliyo nyuma kidogo kwenye gemu.

Pixel_Kinyozi

Na huyo wa 5600 siku kadi ikifa anakaa gizani wiki mbili akisubiri pesa, kwa sababu 5600 haionyeshi kitu bila kadi. Mimi wa G naendelea na assignment. Hatutakubaliana hapa mzee, tuendelee.

Bolt_na_Nati

Pixel ana hoja hapo, sitadanganya. Ila muhula ujao ni wa kurenda. Ningekwenda na 5600.

RAM za ex-UK, sikiliza vizuri maana hapa ndipo watu wanarudi dukani wakiwa na hasira. Unataka zile ndefu za mashine ya mezani. Zile mashine ndogo kama kitabu zinatumia RAM fupi za laptopu, haziingii. Na zile zilizotoka kwenye seva na mashine kubwa za kazi, nyingi zinaandikwa RDIMM au herufi R mwishoni mwa namba, hazifanyi kazi kwenye B450 hata ukiziombea. Nunua mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, ziende kwa chaneli mbili. Bodi ikiwa na sloti nne, ziweke ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Za kutoka ofisini nyingi ni 2400 au 2666, utapoteza kasi kidogo ukilinganisha na 3200, lakini mfuko utashukuru. Ukinunua mpya ya 3200, ingia BIOS uwashe XMP (mpangilio wa kasi ya RAM), vinginevyo itakwenda kwa kasi ya chini na hakuna atakayekwambia.

SSD, NVMe (aina ya kasi) ya GB 500. Diski ngumu ya TB 1, ile ya kuzunguka, waachie wao, baadaye ukijaa utaongeza. Uliza kama ni NVMe kweli, maana kuna M.2 zenye umbo lilelile lakini ni SATA, njia ya zamani, zinaishia kama MB 550 kwa sekunde.

Kimulimuli_Ngara

Nimeandika yote. Swali: RX 6600 mpya inanimalizia pesa ya monita. Kuna jamaa anauza iliyotumika, bei nzuri, tukutane mjini. Naogopa.

Waya_Moto

Iliyotumika si dhambi. Kadi nyingi za mitumba zilitoka kwenye uchimbaji wa sarafu. Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, zilimwagika sokoni, hasa RX 580. Kuchimba hakuui kadi moja kwa moja. Kinachochoka ni feni, na zile pedi za joto juu ya memori.

Usikutane naye mkahawani. Kadi mezani karibu na kikombe cha chai haikuelezi lolote. Mkutane kwa fundi mwenye mashine, umlipe kitu kidogo akuchomekee. Kwanza fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi. Kuna kadi za zamani sana ambazo zimeandikwa upya BIOS zijiite 1050 Ti au 1650, na GPU-Z huziwekea alama ya FAKE kwenye jina. Kwa RX 6600 hilo ni nadra, lakini ni dakika moja tu. Kisha FurMark au Heaven, programu za kuilemea kadi, nusu saa, si dakika tano. Tazama skrini: ukiona vidoti vya rangi, mistari, au miraba inayorukaruka, mrudishie kadi yake kwa heshima. Sikiliza feni zikiwa kasi, zisiwe zinakwaruza. Geuza kadi uangalie skrubu za nyuma. Zikiwa zimechakaa vichwa, kuna mtu aliifungua, muulize kwa nini. Akijibu bila kubabaika kwamba alibadilisha pesti ya joto, hiyo kwangu ni sifa.

Ukiridhika lipa kwa M-Pesa, usilipe taslimu, ili kuwe na jina na tarehe. Piga picha namba ya mfululizo (serial) ya kadi mkiwa wote wawili.

Pixel_Kinyozi

Akikataa kwenda kwa fundi, umepata jibu lako bure.

Kimulimuli_Ngara

Sawa. Monita nafikiria ya inchi 24 ya ex-UK, 1080p. Au nisubiri niweke ya 144Hz, inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde?

Bolt_na_Nati

Mchoraji anahitaji IPS, paneli ambayo rangi zake hazibadiliki ukiitazama pembeni, kuliko 144Hz. Simama pembeni ya monita pale dukani uangalie picha nyeupe. Ikigeuka manjano au kijivu ukiwa pembeni, iache. Za ofisini za IPS zipo nyingi, zina miguu inayopanda na kushuka, na shingo yako itaishi. Hakikisha ina HDMI au DisplayPort, maana bado kuna zenye VGA, plagi ya zamani, peke yake, na RX 6600 haina VGA. 144Hz itakuja na kazi ya kwanza.

Waya_Moto

Ukiunga: waya wa monita uchomeke kwenye kadi, chini, si juu kwenye bodi. 5600 haina grafiki, ukichomeka kwenye bodi utakaa unatazama weusi. Na bodi nyingi za bei hii hazina Wi-Fi, ongeza kile kidubwasha cha USB kama chumbani kwako hakuna waya wa intaneti.

Kasha lolote lenye matundu mbele. Hilo la kioo kitupu mbele uliloonyeshwa linapendeza kwenye picha, lakini feni nne zinavuta hewa kutoka wapi?

Mzazi_wa_Buru

Mimi nimechukua kalamu nikaandika yote. Mwanangu akirudi leo nitamuuliza ampia ngapi.

Kimulimuli_Ngara

Asanteni sana wakubwa, na mama pia. Nitaingia mjini Jumamosi asubuhi, nianzie Moi Avenue nishuke hadi Luthuli nikilinganisha bei.

Waya_Moto

Nenda Jumanne au Jumatano. Jumamosi maduka yamejaa, hakuna atakayekufungulia kasha usome stika, na fundi wa kukujaribia kadi ana foleni mpaka jioni. Risiti iandikwe namba kamili za vifaa, si "CPU" na "GPU" tu, na waranti iandikwe ni ya miezi mingapi na inahusu nini. Kurudi Ngara chukua teksi, usimpe boda monita.